Mchezo Wenye Mafunzo: Jinsi Mtoto Mdogo Anavyojifunza kwa Mikono Yake

Mzazi humwuliza mtoto wake wa gredi ya 1 amefanya nini shuleni siku hiyo. Mtoto hujibu kwa furaha kwamba alicheza duka, kisha akahesabu vizibo vya soda. Wazazi wengi wakisikia jibu hilo husikitika, wakaona kwamba fedha za sare na madaftari zimepotea bure. Yafaa jambo hili lielezwe vizuri, kwa sababu mzazi anayeudharau mchezo wa namna hiyo humvunja moyo mtoto na mwalimu pamoja.

Mtoto wa miaka 6 au 7 ni vigumu kwake kushika jambo asiloliona wala kuligusa. Huenda akaimba namba kutoka 1 hadi 100 pasipo kukosea hata moja, lakini akitumwa jikoni kuleta viazi 7, akaleta 5. Mtoto huyo amejua wimbo. Hesabu bado hajaijua. Upungufu huo usipogunduliwa mapema, mtoto huendelea nao. Akifika masomo ya kugawanya na ya sehemu, hana msingi wa kusimamia. Hapo huanza kuogopa somo, kisha kumwogopa mwalimu, na mwisho huweza kuichukia shule yenyewe.

WAZO HILI SI GENI

Mafunzo kwa njia ya mchezo yana historia ndefu. Mwaka 1837 mwalimu mmoja wa Ujerumani, Friedrich Froebel, alifungua mahali pa watoto wadogo katika mji wa Blankenburg, akawafundisha kwa mipira, vipande vya mbao, nyimbo na bustani. Mwaka 1907 daktari Maria Montessori alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa maskini mjini Roma, akaonyesha kwamba watoto waliodharauliwa waweza kujifunza mengi wakipewa vitu vya kushika.

Hapa kwetu pia wazee walilijua jambo hili. Bao la pwani lina mashimo 32 na kete 64, na hakuna awezaye kulicheza pasipo kuhesabu upesi. Kadhalika vitendawili vya jioni vilimzoeza mtoto kufikiri kabla ya kujibu. Mtaala wa umilisi, ambao ulianza kutumika nchini Kenya kote mwaka 2019 katika madarasa ya awali na gredi za 1 hadi 3, umeyarudisha mambo hayo darasani.

HESABU KWA VIJITI

Somo lenye faida kubwa katika hesabu halihitaji fedha. Mtoto hukusanya vijiti vidogo, akavifunga kumi kumi kwa uzi. Namba 27 huwa mafungu 2 na vijiti 7. Namba 15 huwa fungu 1 na vijiti 5. Akitaka kuzijumlisha, huweka vijiti pamoja, akaona amepata 12. Kumi kati ya hivyo huvifunga kuwa fungu jipya, vikabaki 2. Sasa ana mafungu 4 na vijiti 2, yaani 42. Mtoto aliyelifunga fungu lile kwa mkono wake hana haja ya kuambiwa mara nyingi kwa nini 1 hupelekwa upande wa makumi.

Mchezo wa duka nao hufundisha kutoa. Makopo na pakiti tupu huwa bidhaa, na vipande vya karatasi ngumu vilivyoandikwa 1, 5, 10 na 20 huwa sarafu. Mnunuzi akichukua kitu cha shilingi 12 na kulipa 20, mwenye duka hana budi kumrudishia 8. Akirudisha 7, mnunuzi atalalamika mwenyewe, na kosa litasahihishwa pasipo mwalimu kusema neno.

KUSOMA KWA KADI

Lugha ya Kiswahili humsaidia sana anayeanza kusoma, kwa kuwa maneno yake mengi hujengwa kwa silabi zinazosomeka kama zilivyoandikwa. Sanduku kuukuu la karatasi laweza kukatwa kadi ndogo, kila moja ikaandikwa silabi moja. Mtoto huweka *ta* na *ka*, akasoma *taka*. Akizigeuza, husoma *kata*. Hali kadhalika *lima* hugeuka kuwa *mali*, na *sana* huwa *nasa*. Watoto wawili waweza kushindana nani ataunda maneno mengi zaidi, lakini kila mmoja ni lazima aeleze maana ya neno lake. Sharti hilo ni la maana sana, kwani kusoma pasipo kuelewa ni kutamka tu.

MBEGU NA KIVULI

Katika somo la mazingira, mtoto hukata chupa ya plastiki inayopenya mwanga, akatia kitambaa chenye maji, kisha akabana maharagwe machache kati ya kitambaa na ukuta wa chupa. Kwa muda wa siku chache ataona mzizi ukitokeza. Hata haragwe lililowekwa juu chini, mzizi wake hujipinda na kuelekea chini. Chupa ya pili huwekwa maharagwe makavu pasipo maji, ili mtoto aone tofauti na kusema sababu yake.

Somo jingine ni la kivuli. Fimbo husimikwa uwanjani, na ncha ya kivuli chake hutiwa alama kila saa. Watoto watagundua kwamba kivuli ni kirefu asubuhi, hufupika jua likipanda, na hurefuka tena jioni. Katika mji wa Nanyuki, ulio karibu kabisa na ikweta, kivuli cha adhuhuri hukaribia kutoweka katika siku za mwezi Machi na Septemba ambapo jua hupita utosini.

Hata usafi wafundishika hivyo. Watoto hupakwa mafuta kidogo na majivu mikononi. Nusu yao hunawa kwa maji matupu, na nusu kwa sabuni. Mikono ikilinganishwa, kila mmoja ataona kwa macho yake kazi ya sabuni.

MCHEZO GANI NI SOMO?

Si kila mchezo ni somo. Mwalimu hana budi kujua kabla ya kuanza ni jambo gani moja ambalo mtoto ataondoka nalo. Tena, kila mtoto awe na kitu mkononi, asiwe mtazamaji. Mwisho, kila mmoja aulizwe swali la kujibu peke yake, ili ijulikane nani ameelewa na nani bado.

Walimu wengine husema kwamba darasa ni kubwa mno. Neno hilo lina ukweli. Ada za shule za msingi za serikali zilipoondolewa mwaka 2003, watoto zaidi ya milioni moja waliongezeka shuleni. Hata hivyo vijiti na vizibo havipungui kwa wingi wa watoto, na makundi ya watoto watano watano huweza kufanya kazi wakati mwalimu akizunguka. Njia ya zamani, ya kumchapa asiyejua, imekatazwa na sheria katika shule za Kenya tangu mwaka 2001. Nayo haikumfundisha mtu kuhesabu.

Nyumbani nako kuna nafasi. Mama anayechambua maharagwe aweza kumpa mtoto ayapange kumi kumi. Baba anayetoka dukani aweza kumwuliza chenji ni kiasi gani. Lakini mbegu ndogo zisiachwe karibu na watoto wachanga, maana huzitia puani na masikioni, na vizibo vyenye makali vigongwe kwanza kwa nyundo.

Basi mtoto akirudi jioni na kusema kwamba leo alicheza, mzazi mwenye busara atamwuliza swali moja zaidi: "Ukajua nini?" Mtoto akiweza kujibu na kuonyesha kwa vijiti vyake, siku hiyo haikupotea. Samaki hukunjwa angali mbichi.