Beki wa kulia, jua la saa 8 na mafuta meupe ya Tarime

TARIME. Mechi za mtaani huku zina ratiba yake. Ikipangwa mechi moja, filimbi inalia saa 10 jioni na kila mtu anafurahi. Tatizo ni siku ya bonanza. Timu sita, uwanja mmoja, mbuzi mmoja wa zawadi. Hapo lazima kuna watu wataingia uwanjani saa 8 mchana, jua likiwa halina huruma na mtu.

Kwenye moja ya bonanza hizo kulikuwa na beki wa kulia ambaye jina lake tunalihifadhi. Kijana ana ualbino. Ana mguu, anapanda na kushuka, krosi zake zinafika. Lakini kila mechi ya mchana ilikuwa hadithi ileile: kipindi cha kwanza moto, dakika ya 60 anaomba kutoka. Mashabiki wakamwita pumzi ndogo. Hata mwalimu wake aliamini hivyo, akaanza kumweka benchi.

Siku moja kapteni wake ndiye aliyegundua. Kijana alivua jezi, shingo na mikono ilikuwa imeiva kama nyanya, masikio yameanza kutoa malengelenge. Kumbe jamaa hakuwa amechoka hata kidogo. Alikuwa anaungua.

JUA LA HUKU SIO LA KAWAIDA
Tuanze na ramani. Wilaya za Tarime na Serengeti ziko digrii chache tu kusini mwa ikweta. Machi na Septemba jua linapita karibu kabisa juu ya kichwa. Halafu kuna mwinuko. Ziwa Victoria lenyewe liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na ukitoka ziwani kwenda Tarime mjini, Nyamongo au Mugumu unapanda tu.

Hiyo ina maana gani kwa mchezaji? Kila ukipanda mita 1,000, mionzi ya jua inayochoma ngozi inaongezeka kwa takriban asilimia 10. Ndiyo maana baridi ya Tarime inadanganya watu. Unaona upepo wa mlimani unapuliza, unadhani uko salama, kumbe ngozi inapigwa. Hata mawingu hayazuii mionzi yote.

Muda mbaya zaidi ni kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni, na kilele huku kwetu ni kama saa 6 na nusu hadi saa 7 mchana. Mechi ya saa 8 iko katikati ya hatari.

Mchezaji mwenye ngozi nyeusi ana kinga ya kuzaliwa, ile rangi iitwayo melanini. Mwenye ualbino hana, au anayo kidogo mno. Anaingia uwanjani kama kipa asiye na mabeki. Na hasara yake sio kuungua tu. Jua la miaka mingi linaleta saratani ya ngozi, na hapa Tanzania ugonjwa huo umeua watu wengi wenye ualbino wakiwa bado na umri wa kucheza mpira au kulea watoto.

Sio watu wachache hao. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 16,477 wenye ualbino nchini. Na soka wanalijua. Mwaka 2008, wakati Kanda ya Ziwa ikitikiswa na mauaji ya watu wenye ualbino, Dar es Salaam ilizaliwa timu ya Albino United. Ujumbe wake ulikuwa rahisi: sisi ni watu, tupeni mpira tucheze.

MAFUTA GANI SASA?
Hapa ndipo wengi wanapotea. Vaselini sio kinga ya jua. Mafuta ya nazi sio kinga. Mafuta ya mtoto sio kinga. Yanang'arisha tu. Na mkorogo ndio balaa kabisa, kwa sababu unaondoa hata ile kinga kidogo ambayo ngozi inayo.

Mafuta ya kukinga jua yako ya aina mbili. Kuna yale ya kemikali yanayoingia kwenye ngozi, na kuna ya madini, yanayokaa juu ya ngozi na kuzuia mionzi hapo hapo. Kwa mpira, ya madini yana faida mbili. Kwanza, hayachomi sana jasho likiyateremsha machoni. Anayejua kuokoa kona huku macho yanawasha atanielewa. Pili, yanafaa kwa ngozi nyepesi kuumia, ikiwemo ya watoto.

Ukishika chupa dukani, igeuze nyuma. Tafuta maneno "Zinc Oxide" au "Titanium Dioxide". Likiwepo mojawapo, au yote mawili, na hakuna kemikali nyingine ya kuzuia jua, hayo ni ya madini. Halafu angalia herufi SPF. Isiwe chini ya 30. SPF 30 inazuia kama asilimia 97 ya mionzi inayounguza, na SPF 50 kama asilimia 98. Tofauti ni ndogo, kwa hiyo usiuze kuku kwa ajili ya namba kubwa. Bora 30 unayopaka ya kutosha kuliko 50 unayoipaka kwa uchoyo.

Tafuta pia maneno "Broad Spectrum", maana yake inazuia aina zote mbili za mionzi: ile inayounguza na ile inayopenya ndani zaidi. Mwisho, angalia tarehe ya kuisha muda. Chupa iliyopitwa na wakati, au iliyokaa juani kwenye begi la jezi msimu mzima, usiiamini.

Kasoro ya mafuta ya madini ni weupe. Yanaacha utando mweupe usoni. Yule beki wetu siku ya kwanza alipojipaka, wenzake walicheka hadi wakakaa chini, wakisema amepakwa chokaa ya kuchorea uwanja. Siku ya tatu hakuna aliyecheka. Wapo wanaotengeneza yenye rangi ya ngozi, lakini kama huna, kaa na weupe wako. Weupe ukionekana, angalau unajua umepaka wapi na umeruka wapi.

KUPAKA KUNA MBINU
Kosa kubwa ni kupaka kidogo. Kipimo ni kijiko cha chai. Uso, masikio na shingo: kijiko 1 kilichojaa. Kila mkono: kijiko 1. Kila mguu, kwa mchezaji aliyevaa bukta na soksi ndefu: kijiko 1. Jumla vijiko 5.

Paka kama dakika 15 kabla ya kuanza kupasha misuli, yatulie kabla jasho halijaanza. Usiyasugue hadi yapotee. Sambaza, acha yakae. Sehemu zinazosahaulika ni zilezile kila siku: juu ya masikio, nyuma ya shingo, mstari wa nywele, nyuma ya goti na mgongo wa kiganja. Midomo nayo inaungua.

Sasa hesabu ya mpira. Chupa nyingi zinazostahimili maji na jasho zimeandikwa dakika 40 au dakika 80. Kipindi kimoja ni dakika 45. Kwa hiyo hata chupa nzuri haimalizi mechi. Mapumziko sio ya maji na maneno ya mwalimu tu. Futa jasho kwa kitambaa kikavu, pakaa upya, rudi uwanjani. Ukiwa unakaa juani bila jasho, rudia kila baada ya saa 2.

Na hapo ndipo pochi inapolia. Vijiko 5 ni mililita 25. Kabla ya mechi na mapumziko, mililita 50. Chupa ya mililita 100 inaisha kwa mechi 2. Kijana wa Sirari au Nata anayetegemea kibarua ataiweza wapi hiyo?

Dawa ni nguo. Sheria namba 4 ya soka inaruhusu fulana ya ndani ya mikono mirefu, mradi iwe na rangi ya mikono ya jezi. Inaruhusu taitsi ndefu chini ya bukta, mradi rangi zilingane. Kipa anaruhusiwa kofia. Mchezaji wa ndani anaruhusiwa kitambaa cha kichwa kisicho na hatari, kiwe cheusi au cha rangi ya jezi. Hata miwani maalumu ya michezo inaruhusiwa, na wenye ualbino wengi wana shida ya kuona kwenye mwanga mkali. Refa anayemzuia mchezaji hapo hajasoma kitabu chake.

Ukivaa hivyo, unabaki kupaka uso, masikio, shingo na viganja. Kijiko kimoja na nusu. Chupa ileile ya mechi 2 sasa inafika mechi 6.

Habari njema nyingine ni kwamba Tanzania inatengeneza mafuta yake ya kukinga jua kwa ajili ya watu wenye ualbino. Yanaitwa Kilisun, yanatoka KCMC, Moshi. Kwa aliyeko Mara, pa kuanzia kuulizia ni hospitali ya wilaya au viongozi wa Chama cha Watu wenye Ualbino Tanzania. Na ukiona kidonda usoni, sikioni au mkononi hakiponi mwezi mzima, usisubiri ligi iishe. Nenda hospitali. Saratani ya ngozi ikiwahiwa inatibika.

KAZI YA VIONGOZI
Lakini mafuta bora kuliko yote ni ratiba. Waandaaji wa bonanza na walimu wa UMITASHUMTA na UMISSETA, mnapopanga mechi, ulizeni kwanza timu ipi ina mchezaji mwenye ualbino. Mpeni saa 2 asubuhi au saa 10 jioni. Benchi lake liwe kivulini. Haigharimu hata shilingi.

Yule beki? Timu ilichanga, ikanunua chupa moja na fulana ya mikono mirefu. Chupa inakaa kwa kapteni, pamoja na kitambaa cha unahodha. Mapumziko kapteni anampaka nyuma ya shingo, pale mkono wa mwenyewe usipofika vizuri.

Mechi iliyofuata alianza. Dakika ya 60 mwalimu alimtazama, kwa mazoea. Kijana alikuwa upande wa pili wa uwanja, anapiga krosi. Alimaliza dakika zote 90, uso mweupe kama chokaa, na wale waliomwita pumzi ndogo walikuwa wanamshangilia.