Bomba la Kurudishia Oili

Hapana shaka mmepata kuona lori likipanda mlima huku likiacha moshi wa buluu barabara nzima. Fundi akiulizwa, mara nyingi hujibu upesi kwamba tabo imekufa, inunuliwe nyingine. Nimeshinda gerejini kwa mjomba wangu, huko Katwe hapa Kampala, kila likizo kwa miaka mitatu sasa, nami nataka kuwaeleza kwa nini jibu hilo huweza kumtia mtu hasara ya bure.

Kwanza tufahamu chombo chenyewe. Lori litokalo Mombasa kuja kwetu hupita Timboroa, zaidi ya meta 2,700 juu ya bahari, na huko hewa imekwisha kuwa nyepesi kwa karibu robo kuliko ya pwani. Injini isiyosaidiwa huishiwa pumzi, kama mtu. Basi ikabuniwa mashine ya kuishindilia hewa. Iko ya namna mbili. Supachaja huzungushwa na injini yenyewe kwa mkanda au kwa gia, na Mercedes walikuwa wakiuza motokaa za namna hiyo tangu miaka ya 1920. Tabo huzungushwa na moshi utokao kwenda ekzosi. Mswisi Alfred Büchi aliiandikishia haki ya ubunifu mwaka 1905.

Shafti ya tabo ya motokaa huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja. Kitu cha kwenda kasi hivyo, tena kando ya moto, hakiwezi kuishi bila oili. Kwa hiyo bomba jembamba huchukua oili kutoka injini, likaipeleka kwenye beringi za tabo. Wote hulikumbuka bomba hilo. Lililo chini, la kurudishia oili katika sampu, halina anayelijali.

Wanafunzi wenzangu wa fizikia watanielewa nikifanya hesabu kidogo. Oili huingia katika tabo kwa kusukumwa na pampu ya injini, tuseme kwa paundi 40 kwa kila inchi ya mraba. Ikiisha kupita kwenye beringi, nguvu ile imekwisha. Kutoka hapo yarudi kwa uzito wake tu. Kama tundu la kutokea liko sentimeta 20 juu ya oili iliyomo katika sampu, nguzo hiyo ya oili hukandamiza kwa robo paundi tu. Yaani yaingia kwa paundi 40, yatoka kwa robo! Kizuizi kidogo tu katika njia ya kurudi chatosha kuisimamisha.

Tena haitoki kama ilivyoingia. Imepigwapigwa na shafti mpaka ikachanganyika na hewa, hutoka na povu kama maziwa ya kukamuliwa, na povu hutaka nafasi. Ndiyo sababu bomba la kuingizia laweza kuwa jembamba kama kalamu, lakini la kurudishia linakaribia unene wa kidole gumba. Nalo lishuke moja kwa moja kadiri iwezekanavyo, lisilale, lisipinde ghafula, na kamwe lisishuke kisha likapanda tena.

Oili ikikosa njia hujaa ndani ya tabo. Wengi hudhani humo mna sili za mpira za kuizuia. La. Mna ringi nyembamba za chuma, mfano wa ringi za pistoni, nazo hazikuwekwa zizuie bwawa. Oili huzipita, ikaingia upande wa hewa au upande wa ekzosi, ikaungua. Huo ndio moshi wa buluu.

Mwaka jana alikuja mzee mmoja msafirishaji wa matoke. Alikuwa amekwisha kununua tabo mbili kwingine, na kwa ajili ya ile ya pili aliuza ng'ombe wawili. Moshi ulikuwa ule ule. Mjomba hakuigusa tabo. Alilala chini ya lori na tochi. Bomba la chuma lilikuwa limeondolewa, pahali pake pakafungwa mpira mrefu wa maji. Mpira huo ulining'inia chini kisha ukapanda kuifikia sampu, na tulipoukata tuliona umevimba kwa ndani, maana mpira wa maji hauvumilii oili ya moto. Bomba jipya la chuma lilichongwa siku ile ile. Mzee aliwasha injini, akazunguka nyuma ya lori mara tatu kutazama, hakusema neno. Ng'ombe walikuwa wamekwisha kwenda.

Mambo mengine yaliyomo katika njia hiyo: gundi ya gasiketi ikipakwa nyingi huminywa ndani na kuziba tundu. Mdomo wa chini ukifungukia ndani ya oili ya sampu badala ya juu yake, oili hurudi kwa taabu. Na ringi za pistoni zikilika, hewa hupenya na kujaza sampu. Bomba la kupumulia nalo likiwa limeziba, msukumo wa robo paundi tu hutosha kuirudisha oili juu. Hapo tabo hulaumiwa kwa ugonjwa wa injini.

Kuhusu supachaja, nyingine zina oili yake ndani na hazihitaji bomba hilo. Lakini ziko zilishwazo oili ya injini, na vijana wapenda mbio wakizifunga hulazimika kutoboa sampu ili irudi. Tundu lipigwe juu ya usawa wa oili. Kwa maoni yangu afadhali sampu ifunguliwe kwanza ioshwe, kwani chembe moja ya chuma ikivutwa na pampu yaweza kufika kwenye beringi. Na chombo kikifungwa chini kuliko sampu, uzito hausaidii tena. Hapo hutakiwa pampu ndogo ya kuivuta oili na kuipandisha, na bei yake iulizwe kabla ya kukata bomba lolote.