Kutoka Tanga hadi Tezo: Asubuhi na Watoto wa Chekechea

Nilizaliwa Tanga, nikasomea huko ualimu wa darasa la awali, kisha ndoa ikanileta Tezo, kaskazini kidogo ya mji wa Kilifi. Njiani kuna mpaka wa Horohoro na Lungalunga, kuna feri ya Likoni, na siku nzima ya kukaa garini. Ukishuka unakuta bahari ile ile, minazi ile ile, samaki wa kupaka yule yule. Majirani huniambia kwamba hapa siko ugenini. Wangeingia darasani kwangu saa mbili asubuhi, wiki ya kwanza ya Januari, wangenielewa vingine.

Watoto wangu wengi ni Wagiriama wa miaka minne. Kiswahili wamekisikia redioni, dukani, na kwa makondakta wa matatu barabara ya Malindi, lakini nyumbani wanakula, wanachapwa na kubembelezwa kwa Kigiriama. Mtoto akiwa na kiu anaomba madzi. Akihesabu vidole, mkono unamalizika kwa tsano. Mtu mzima atasema hizi ni lugha ndugu, na ni kweli. Ila mtoto aliyeachwa mlangoni na mama yake kwa mara ya kwanza hana nafasi ya kupima undugu wa lugha. Anatafuta sauti anayoijua, na asipoisikia ananyamaza. Mtoto aliyenyamaza simwezi. Anayelia nitambeba, nitampa kazi ya kugawa vikombe, atatulia. Aliyenyamaza hunipa kazi ya majuma.

Kwa hiyo nilijifunza Kigiriama, mkekani, kutoka kwao. Nilijifunza pia majina. Hapa mtoto hupewa jina la wazee wa ukoo, majina yanarudi kizazi baada ya kizazi, na nikiita Kahindi au Kadzo huitika zaidi ya mmoja. Basi naita kwa jina la baba: Kahindi wa Charo, Kahindi wa Katana. Watoto wanapenda kuitwa hivyo. Wanasimama wima.

Asubuhi nafika mapema kufagia mchanga ulioingizwa na upepo. Wakija, natazama macho, natazama vidole vya miguu kwa ajili ya funza, nauliza nani amekunywa chai. Saa nne ni uji. Nataka wasomaji waelewe uzito wa uji huo. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na sehemu za ndani za kaunti yetu, Ganze na Magarini, ziliumia vibaya. Wakati kama huo, sufuria ikikosekana jikoni, darasa linakuwa nusu. Sihitaji utafiti kunieleza kwamba mtoto mwenye njaa hahesabu. Namwona anavyolaza kichwa juu ya magoti.

Baada ya uji tunahesabu kwa kokwa za mabuyu. Mibuyu imejaa huku, na watoto huzimumunya kokwa hizo zilizopakwa sukari na rangi nyekundu. Tukishazisafisha ndizo hesabu zetu. Namwachia mtoto rundo, namuuliza anataka kufanya nini nalo. Mmoja anapanga mstari. Mwingine anazigawa kwa wenzake, moja moja, na akiona zimebaki mbili anakunja uso, anafikiri, kisha anazikusanya upya. Hapo hesabu ya kugawanya imeshafanyika, bila chaki. Tuna pia vifuu, makombe ya pwani, vifuniko vya chupa na makumbi ya nazi. Mtaala wa Kenya, huu wa umilisi ulioanza kote nchini mwaka 2019, unawapa watoto miaka miwili kabla ya gredi ya kwanza, PP1 na PP2. Kwetu Tanzania mwaka wa lazima ni mmoja. Miaka miwili ni neema, maana rundo la kokwa linataka muda.

Njia hii haikuzuka kwangu. Pwani hii ina historia yake. Miaka ya 1980, Mombasa, mwalimu Swafiya Said alipita mitaani akizungumza na wazazi na viongozi wa Kiislamu, na kwa msaada wa Aga Khan zikaanzishwa chekechea za madrasa. Walimu walikuwa kina mama wa mtaa wenyewe, vifaa vilitengenezwa kwa vitu vya mazingira, na nyimbo na hadithi zilikuwa za Kiswahili. Mpango huo ulienea Zanzibar na Uganda. Waliupatanisha na mbinu ya HighScope ya David Weikart wa Marekani, iliyotokana na chekechea ya Perry mjini Ypsilanti, Michigan, iliyoanza mwaka 1962: mtoto anapanga, anatenda, kisha anasimulia alichofanya. Mimi nashikilia hapo pa kusimulia. Na mtoto wa Tezo anasimulia kwa lugha gani? Kwa ile aliyokuja nayo.

Hapa ndipo ninapovutana na wazazi, na navutana nao kwa heshima, maana hoja yao naijua. Baba anakuja na daftari tupu. “Mwalimu, huyu mwezi wa tatu na hajaandika kitu? Wa jirani anasema good morning.” Anawaza mbali: shule nyingine humhoji mtoto kwa Kiingereza kabla ya kumpokea gredi ya kwanza, na mitihani mingi ya mbele ni Kiingereza. Hataki mwanawe aachwe nyuma. Namweleza kwamba UNESCO ilipendekeza tangu 1953 mtoto aanze kwa lugha ya mama, na kwamba Kenya yenyewe, katika ripoti ya kamati ya Gachathi ya 1976, ilishauri lugha ya eneo itumike katika madarasa ya mwanzo. Katiba ya 2010 ikazikabidhi kaunti kazi ya chekechea, nami naamini kaunti yenye Wamijikenda wengi, Wagiriama wakiwemo, ina sababu ya kulitilia hili mkazo. Ninaamini zaidi ninachokiona: anayesimulia vizuri kwa Kigiriama hukidaka Kiswahili kabla ya mwaka kwisha, na Kiingereza kikija kinamkuta anajua kueleza jambo.

Wazazi wengi hawashawishiki kwa ripoti. Nawaomba wakae mkekani siku ya Ijumaa, siku tunayomwalika hawe, yaani bibi wa mmoja wa watoto. Hawe anasimulia kisa cha sungura kwa Kigiriama, mimi namfuata kwa Kiswahili, watoto wanatukatiza kwa lugha zote mbili. Mtoto asiyesema neno tangu Jumatatu humsahihisha bibi wa watu kwamba fisi hakupita njia hiyo! Baba mwenye daftari husikia mwenyewe.

Mabibi sasa wanapangiana zamu, na nimeanza kuwaomba na mababu. Mababu wavuvi wa kijiji cha Uyombo wana majina ya samaki ambayo mimi, mtoto wa Tanga, sijawahi kuyasikia, na watoto wameshaanza kunidai michoro ya samaki hao ukutani.