Hita ya gari kuukuu inapovuja: haina kazi Bujumbura, ina kazi njia ya Ijenda

Katika jiji lenye joto kama Bujumbura, hita ni kifaa ambacho madereva wengi husahau kuwa kimo ndani ya magari yao. Hukumbukwa siku zulia la mbele linapolowa, au kioo kinapofunikwa na utando wa mafuta usiofutika. Mara nyingi fundi hukata shauri kwa dakika chache: huiondoa hita katika mzunguko wa maji kwa kuunganisha mipira yake miwili, na gari hurudi barabarani.

Kwa gari lisilotoka katika mitaa ya tambarare karibu na Ziwa Tanganyika, njia hiyo yaweza kutosha kwa muda. Kwa magari ya Musaga, kusini mwa jiji, hali ni tofauti. Kutoka hapo barabara ya taifa namba 7 hupanda kuelekea Ijenda na Matana, katika eneo la Mugamba, penye mashamba ya chai, baridi na ukungu. Ziwa liko mita zipatazo 774 juu ya usawa wa bahari, ilhali Ijenda iko zaidi ya mita 2,000. Katika safari hiyo moja, gari hupita kutoka mahali ambapo hita haina kazi hadi mahali ambapo maisha ya abiria yanaweza kuitegemea.

Rejeta ndogo nyuma ya dashibodi

Hita ya gari haina moto wake yenyewe. Hutumia joto ambalo injini ingelitupa. Maji ya injini, yenye nyuzi joto 80 hadi 90 hivi, husukumwa na pampu kupitia mpira mmoja unaopenya ukuta uliopo kati ya injini na abiria. Huingia katika rejeta ndogo iliyofichwa ndani ya kasha nyuma ya dashibodi, kisha hurudi kwenye injini kwa mpira wa pili. Feni hupuliza hewa katikati ya mapezi ya rejeta hiyo, na hewa hutoka ikiwa na joto, ama miguuni ama kwenye kioo cha mbele.

Katika magari ya zamani rejeta hiyo hutengenezwa kwa shaba, na katika yaliyofuata kwa alumini. Mirija yake ni myembamba mno. Kutu kidogo tu iliyotoka kwenye injini yaweza kuiziba, na maji yanayokula chuma yaweza kuitoboa.

Dalili, na namna ya kutodanganyika

Dalili ya kwanza ya mvujo ni maji ya rejeta kupungua bila tone kuonekana chini ya gari. Ya pili ni zulia kulowa upande wa abiria wa mbele au katikati ya gari. Ya tatu ni harufu tamutamu ndani ya gari, pamoja na utando unaoteleza kwenye kioo pale feni inapowashwa. Utando huo ni mvuke wa kulanti, yaani dawa inayochanganywa na maji ya rejeta.

Si kila maji ndani ya gari hutoka kwenye hita. Kiyoyozi hutoa maji safi yasiyo na harufu, na mrija wake ukiziba, maji hayo humwagika ndani. Msimu wa mvua, majani yakiziba mifereji iliyo chini ya kioo cha mbele, maji ya mvua hupata njia hadi kwenye zulia. Kitambaa cheupe hutoa jibu la haraka: kulanti huacha rangi, mara nyingi kijani au nyekundu, na huteleza vidoleni. Kama gari limekuwa likitiwa maji matupu, kitambaa hakitasema kitu. Hapo fundi huunganisha mipira ya hita kwa siku mbili au tatu. Zulia likikauka na maji yasipopungua tena, chanzo kimejulikana.

Kuna pia hita isiyovuja bali iliyoziba. Injini ikiwa imepata moto, mpira mmoja huwa wa moto na wa pili baridi. Hita ya namna hiyo huweza kusafishwa kwa maji yanayopitishwa kinyume, kwa nguvu ndogo, bila kufungua dashibodi. Lakini kwanza yafaa kuhakikisha kwamba vali ya hita, kwa gari lililo nayo, inafunguka.

Kwa basi dogo aina ya Hiace, uchunguzi una hatua moja ya ziada. Mengi ya mabasi hayo yana hita ya pili kwa abiria wa nyuma, na mabomba yake hupita chini ya sakafu, yakipigwa na matope na mawe. Kabla ya kulaumu hita ya mbele, fundi hulala chini ya gari na kuyatazama mabomba hayo.

Kwa nini mlima ndio hutoa hukumu

Madhara ya mvujo hayaishii kwenye zulia. Mfumo wa kupoza injini hufanya kazi chini ya shinikizo, na kizibo cha rejeta ndicho hulishikilia. Kwa shinikizo hilo, maji huweza kupita nyuzi joto 100 kwa mbali bila kuchemka. Tundu likitokea, hata kama liko ndani ya kasha la hita, shinikizo hupungua.

Hapo ndipo mwinuko wa ardhi unapoingia. Kadiri mtu anavyopanda, ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Bila shinikizo, kando ya ziwa maji huchemka kwenye nyuzi joto 97 hivi. Katika mwinuko wa Ijenda huchemka kwenye 93. Kwa hiyo gari lenye mvujo hupoteza kinga yake pale pale injini inapofanya kazi ngumu kuliko zote: gia ndogo, mzigo mzito, mwendo wa polepole, na upepo haba kwenye rejeta. Injini ikichemsha hadi kichwa cha silinda kupinda, gharama yake huipita ya hita mara nyingi. Wahenga walisema asiyeziba ufa atajenga ukuta.

Jambo la pili ni kioo. Baada ya mvua, gari lililojaa abiria huteremka kutoka Mugamba huku pumzi zao zikigeuka ukungu kwenye kioo baridi. Hewa ya moto hubeba unyevu mwingi zaidi, hivyo kioo husafika kwa muda mfupi. Kiyoyozi nacho hukausha hewa, lakini katika magari kuukuu mara nyingi hakifanyi kazi. Hita ikiwa imeondolewa kwenye mzunguko, dereva hubaki na kitambaa mkono mmoja na usukani mkono wa pili, kwenye barabara yenye kona na bonde upande mmoja.

Jambo la tatu hujulikana na madereva wa zamani. Sindano ya joto inapoanza kupanda mlimani, kuwasha hita hadi mwisho pamoja na feni yake hupunguza joto la injini, kwa kuwa rejeta ndogo huisaidia ile kubwa. Ni msaada wa kumfikisha dereva mahali salama pa kusimama, si tiba. Gari lililounganishwa mipira halina hata msaada huo.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Kubadilisha rejeta ya hita huogopwa kwa sababu ya mahali ilipo. Kifaa chenyewe ni kidogo, lakini katika magari mengi sharti dashibodi ishushwe, na kazi huchukua siku nzima au mbili. Baadhi ya magari yana mlango mdogo pembeni mwa kasha unaoruhusu rejeta kuchomolewa bila kugusa dashibodi, kwa hiyo ni busara kuchunguza kwanza.

Injini huachwa ipoe kabisa. Kizibo cha rejeta hakifunguliwi kikiwa cha moto, maana maji hurushwa nje na kuunguza uso na mikono. Waya hasi wa betri huondolewa, na kwa gari lenye mifuko ya hewa ya usalama fundi husubiri dakika kadhaa kabla ya kugusa usukani au dashibodi. Maji humwagwa ndani ya beseni.

Mipira ya zamani huwa imeganda kwenye mabomba ya hita. Kuizungusha kwa koleo hupinda mabomba hayo. Ni afadhali kuichana kwa urefu na kununua mipya. Skrubu hupangwa katika vikopo vyenye namba, na kila hatua hupigwa picha kwa simu. Ikiwa kasha la hita limeungana na kiyoyozi chenye gesi, gesi hiyo hutolewa na fundi mwenye mashine ya kuikusanya. Kuiachia hewani huharibu mazingira, na ikigusa ngozi au jicho huleta jeraha la baridi kali.

Rejeta iliyotolewa kwenye gari jingine huweza kufaa, lakini haifungwi kabla ya kupimwa. Bomba lake moja huzibwa, nyingine huingizwa hewa kidogo kwa pampu ya baiskeli, na rejeta huzamishwa majini. Povu likionekana, haifai. Rejeta mpya huwekwa pamoja na sponji zake za pembeni, kwa kuwa bila hizo hewa hupita kando bila kupata joto, na pia rejeta hutikisika hadi ikatoboka upya.

Kisha inakuja hatua ambayo wengi huiruka kwa haraka ya kumaliza: mfumo hujazwa na kupimwa shinikizo kabla dashibodi haijarudishwa. Kibanio kimoja kilicholegea kikigunduliwa baadaye, kazi ya siku nzima huanza upya.

Hatimaye hewa iliyonaswa hutolewa, na hapa miteremko ya Musaga husaidia. Gari huegeshwa pua ikitazama juu na matairi yakizuiwa kwa mawe, hita hufunguliwa hadi mwisho, na injini ikiwa baridi huwashwa huku kizibo kikiwa wazi hadi themostati ifunguke na mapovu yakome. Kesho yake, injini ikiwa baridi, maji hukaguliwa tena.

Maji ndiyo chanzo

Hita mpya katika mfumo wenye kutu haidumu. Kabla ya kuifunga, injini na rejeta kubwa husafishwa hadi maji yatoke meupe. Wengi huamini kwamba kulanti ni ya nchi za barafu. Kazi yake ya kuzuia kuganda haihitajiki Bujumbura, lakini kazi zake nyingine mbili zinahitajika sana: huzuia kutu, na hupandisha kiwango cha joto ambapo maji huchemka.

Maji ya bomba ya Bujumbura hutoka kwa sehemu kubwa katika Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake yana chumvi za madini na hali ya alkali. Hayana ubaya kwa kunywa baada ya kusafishwa, lakini ndani ya injini ya moto huacha magadi, na alumini haistahimili alkali. Mchanganyiko unaopendekezwa ni nusu kulanti na nusu maji yaliyochujwa kwa mvuke, yale yanayotumiwa kwenye betri. Unga wa kuziba mvujo, unaouzwa kama suluhisho la haraka, huziba kwanza mirija myembamba ya hita ile ile.

Kwa asiye na uwezo wa kununua rejeta leo, kuunganisha mipira ni haki yake, mradi ifanywe vizuri: mpira mmoja mzima wa kuhimili joto, wenye vibanio imara. Kuziba kila bomba peke yake kwa kijiti au bolti ni hatari, kwa sababu katika baadhi ya injini maji hayo lazima yaendelee kuzunguka. Naye mwenye gari aambiwe wazi kwamba hita haipo tena, ili asiende Ijenda akiitegemea.

Yabaki maji ya zamani ndani ya beseni. Kulanti ni sumu, na utamu wake huwavutia watoto na wanyama. Ikimwagwa mtaroni Musaga, mvua huiteremsha hadi ziwani, yanakochotwa maji ya kunywa ya jiji. Huwekwa katika dumu lenye kifuniko na alama, mbali na jiko na mbali na mikono ya watoto, hadi ipatikane gereji inayoyapokea mabaki ya namna hiyo.