Kigeuzi cha Torki na Ugomvi wa Dhamana

Gari lenye gia zinazojibadili zenyewe halina pedeli ya klachi. Dereva hukanyaga breki kwenye taa za barabarani, gari likasimama, na injini ikaendelea kunguruma bila kuzimika. Akiachia breki, gari huanza kujongea polepole hata kabla hajakanyaga mafuta. Kifaa kinachowezesha jambo hilo kimefichwa baina ya injini na giaboksi. Umbo lake ni la duara lililotuna kama andazi kubwa la chuma, nacho huitwa kigeuzi cha torki. Torki ni nguvu ya kuzungusha, ile ambayo wanafunzi wa fizikia huipima kwa newton-mita.

Nchini Marekani, ambako magari ya namna hii ni mengi mno, kifaa hiki kimezua ugomvi usiokwisha baina ya wapenzi wa magari ya kasi na makampuni yanayoyatengeneza. Mwenye gari hudai kwamba kifaa kilikuwa kibovu tangu kiwandani, kwa hiyo dhamana yapasa kumlipia. Kampuni nayo hujibu kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekiua. Gharama ya matengenezo yaweza kufikia maelfu ya dola. Sehemu kubwa ya ugomvi huo yaweza kuamuliwa kwa fizikia ya shule ya sekondari, ilimradi ushahidi uwe haujapotea.

Asili ya kifaa

Kigeuzi cha torki hakikubuniwa kwa ajili ya magari. Mhandisi wa Kijerumani, Hermann Föttinger, alikisajili mwaka 1905, alipokuwa akifanya kazi katika kiwanda cha meli cha Vulcan mjini Stettin, mji ambao leo umo nchini Poland kwa jina la Szczecin. Turbini za mvuke zilizokuwa zikianza kutumika melini zilizunguka kwa kasi kubwa, hali rafadha ya meli hufanya kazi vizuri ikizunguka polepole. Föttinger alitafuta njia ya kupunguza kasi na kuongeza torki bila meno ya gia, akaipata katika kimiminika. Katika magari ya abiria kifaa hiki kilipata umaarufu kwa giaboksi ya Dynaflow, iliyotolewa na Buick mwaka 1948.

Namna kinavyofanya kazi

Chukua feni mbili za mezani, uzielekeze uso kwa uso. Washa moja tu. Muda si muda, mapanga ya ile isiyowashwa nayo yataanza kuzunguka, kwa kuwa upepo umechukua nishati mwendo kutoka feni ya kwanza na kuipeleka kwenye ya pili. Shika kwa uangalifu kitovu cha feni ya pili isizunguke; ya kwanza itaendelea kuzunguka bila kuzimika. Hivyo ndivyo injini inavyoweza kunguruma gari likiwa limesimama.

Ndani ya kigeuzi, mahali pa upepo pana mafuta, na mahali pa feni pana magurudumu yenye mapanga. Gurudumu la kwanza, liitwalo pampu, limeungwa na injini. La pili, liitwalo turbini, limeungwa na giaboksi. Pampu huyatupa mafuta nje kwa nguvu ya mzunguko, yakaingia katika turbini na kuisukuma. Kama kifaa kingeishia hapo, kingehamisha torki ile ile tu, bila kuiongeza.

Siri imo katika gurudumu la tatu, liitwalo stata, lililokaa katikati. Mafuta yatokayo kwenye turbini huwa yamegeuka mwelekeo, na kama yangerudi hivyo kwenye pampu yangeipinga. Stata huyageuza yaisaidie. Kwa kufanya hivyo yenyewe husukumwa kinyume, na klachi ya upande mmoja iliyo kitovuni mwake huizuia isirudi nyuma. Kwa sheria ya tatu ya Newton, torki inayopatikana kwenye turbini ni jumla ya torki ya pampu na ile ya stata. Ndiyo maana gari linapoanza kuondoka, torki iendayo kwenye giaboksi yaweza kuwa maradufu ya ile ya injini, au kuzidi kidogo. Turbini ikikaribia kasi ya pampu, mafuta hupiga mgongo wa mapanga ya stata, klachi ile ikaachia, na stata ikazunguka pamoja na wenzake.

Hata hivyo kimiminika huteleza daima, na kuteleza ni kupoteza nishati. Kwa sababu hiyo vigeuzi vya siku hizi vina klachi nyingine ya ndani, inayoifunga turbini na gamba la nje gari likisha kushika mwendo.

Hesabu ya joto

Dereva akikanyaga breki na mafuta kwa pamoja, turbini haizunguki kabisa. Kazi inayotoka upande wa giaboksi ni sifuri, kwa hiyo nishati yote ya injini hugeuka joto ndani ya mafuta. Kasi ya juu ambayo injini huweza kufikia katika hali hiyo huitwa kasi ya kukwama. Washindani wa mbio fupi za mstari ulionyooka huitumia makusudi, ili gari liruke mara taa ya kuanzia iwakapo.

Tuseme injini inatoa torki ya newton-mita 300, na kasi ya kukwama ni mizunguko 2,000 kwa dakika. Nguvu yake ni torki mara kasi ya pembe, yaani 300 × 2,000 × 2π ÷ 60, nayo ni karibu kilowati 63. Tuseme tena kwamba ndani ya kigeuzi mna lita 4 za mafuta, ambazo zina uzito wa karibu kilo 3.4, na kwamba kila kilo huhitaji kilojuli 2 ili kupanda nyuzi moja ya sentigredi. Tukiacha joto linalochukuliwa na chuma, mafuta hayo yatapanda nyuzi 9 hivi kwa kila sekunde. Yaliyokuwa na nyuzi 80 yatafikia nyuzi 126 kwa sekunde 5 tu. Ndiyo sababu mafundi huonywa kwamba kipimo cha kasi ya kukwama kisizidi sekunde chache.

Sasa mwenye gari anabadili programu ya kompyuta ya injini, au anafunga tabo, hata torki ikapanda kwa nusu, yaani ikafika newton-mita 450. Torki inayopokelewa na pampu hulingana na mraba wa kasi yake. Kwa hiyo kasi mpya ya kukwama itapatikana kwa kuzidisha ile ya kwanza kwa kipeuo cha pili cha 1.5, nayo itakuwa karibu mizunguko 2,450. Nguvu inayogeuka joto itakuwa karibu kilowati 115. Mwalimu na awaombe wanafunzi wailinganishe na ile ya awali. Torki imeongezeka kwa nusu, lakini joto limekaribia kuwa maradufu. Kwa sekunde 5 zile zile, mafuta yatapanda nyuzi 85 badala ya 46.

Hesabu hii ndiyo silaha ya kampuni, na ni silaha ya haki. Lakini haitoshi kumaliza kesi, kwa sababu joto si ugonjwa pekee wa kigeuzi cha torki.

Magonjwa na dalili zake

Ugonjwa wa kwanza ni wa klachi ya stata. Ikishindwa kushika, stata huzunguka ovyo pande zote mbili, na torki haiongezwi tena. Gari huwa zito kuondoka, na kasi ya kukwama hushuka. Ikiganda moja kwa moja, gari huondoka vizuri lakini huchoka kwenye mwendo wa kasi, na mafuta huchemka.

Ugonjwa wa pili ni mtetemo. Gari likiwa katika mwendo wa wastani, dereva huhisi kana kwamba anapita juu ya matuta madogo madogo. Kiini chake ni klachi ya ndani inayoshika na kuteleza, ikashika tena na kuteleza tena, mara nyingi kwa sekunde. Mpigaji wa zeze hutumia jambo hilo hilo kwa faida: upinde hushika uzi na kuuachia, na uzi ukalia. Mafuta ya giaboksi hutiwa dawa maalumu ili msuguano usibadilike ghafla baina ya kushika na kuteleza. Dawa hiyo ikichakaa, au mafuta yasiyofaa yakitumiwa, klachi huanza kuimba.

Ugonjwa wa tatu ni kuvimba kwa gamba. Shinikizo la mafuta na kasi kubwa ya mzunguko hulisukuma gamba nje hadi likapoteza umbo, na beringi za ndani zikabanwa au kulegea. Huu aghalabu huwapata waongezao nguvu za injini kupita kiasi. Ugonjwa wa nne ni kuvunjika kwa beringi zenyewe, au kwa ulehemu ulioshikilia mapanga. Huo waweza kutokana na kasoro ya kiwandani hata kwa gari ambalo halijapata kuona uwanja wa mbio.

Kila ugonjwa huacha alama. Chuma kilichofikia joto la nyuzi 300 hivi hugeuka rangi ya buluu. Mafuta yaliyoungua huwa meusi, na harufu yake ni ya kitu kilichochomeka. Gamba lililovimba hupimika kwa rula ya fundi. Kinyume chake, beringi iliyovunjika ndani ya chuma kisicho na alama ya joto, na mafuta yake yakiwa mekundu na safi isipokuwa chembe za chuma, haimshitaki mwenye gari. Chembe hizo huelekeza kidole kwa mtengenezaji.

Ushahidi uliofungwa

Hapa ndipo penye taabu. Gamba la kigeuzi hulehemiwa kiwandani, na halifunguki bila kukatwa. Fundi wa dhamana hakikati. Hukitoa kizima na kutia kingine, kisha cha zamani hurudishwa kiwandani kufanywa upya. Mara nyingi mwenye gari huambiwa tu kwamba dai lake limekataliwa, hali kitu pekee ambacho kingeweza kusema kweli kimekwisha kuondoka. Kampuni kwa upande wake ina kumbukumbu za kompyuta ya gari, ambazo huweza kuonyesha kwamba programu ya injini ilibadilishwa. Lakini kubadili programu si sawa na kuvunja beringi. Jambo moja kutangulia jingine si uthibitisho kwamba ndilo lililolisababisha.

Sheria ya Marekani hukubaliana na mantiki hiyo. Sheria ya dhamana ya mwaka 1975, ijulikanayo kwa majina ya wabunge Magnuson na Moss, hairuhusu mtengenezaji kuifunga dhamana kwa sharti la kutumia vipuri vya jina fulani, isipokuwa avitoe bure au apewe ruhusa maalumu. Akitaka kukataa dai kwa sababu ya kipuri kigeni, yampasa aonyeshe kwamba kipuri hicho ndicho kilicholeta hasara. Hata hivyo dhamana nyingi huondoa waziwazi magari yaliyotumika mashindanoni, na hapo mlalamikaji hana pa kushika.

Hata pasipo mashindano, kesi huwa ngumu. Mwaka 2019 wenye magari walifungua shauri katika mahakama ya shirikisho huko Michigan dhidi ya General Motors, kwa ajili ya giaboksi za gia 8 katika magari ya miaka 2015 hadi 2019, yakiwemo Corvette na Camaro. Walilalamikia mitetemo na mishtuko. Kampuni ilikuwa imewaagiza mafundi wake kuyatoa mafuta ya awali na kutia ya namna nyingine. Mwaka 2023 jaji aliruhusu walalamikaji washitaki kwa makundi. Mwaka 2025 mahakama ya rufaa iliutengua uamuzi huo, kwa kuwa hali za wenye magari zilitofautiana mno kuweza kuamuliwa kwa pamoja.

Funzo lililopo

Hapa Afrika Mashariki magari mengi ya gia za kujibadili huletwa kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, na mnunuzi wa kawaida hana dhamana ya kiwanda ya kugombania. Lakini sheria za joto na msuguano ni zile zile. Mafuta ya aina isiyotakiwa huleta mtetemo Dodoma kama yaletavyo Detroit.

Kwa hiyo yafaa mwenye gari ajue mambo machache. Atunze risiti na tarehe za kubadili mafuta. Mtetemo ukianza, achukue mafuta kidogo katika chupa safi, aiandike tarehe na kilometa, kabla mafuta hayo hayajamwagwa. Kigeuzi kikitolewa, aombe kwa maandishi kisiondolewe hadi kitakapokaguliwa, na kikikatwa, kikatwe mbele ya pande zote mbili. Kama aliongeza nguvu za injini, aseme kweli, kwani rangi ya chuma itasema hata akinyamaza.

Katika maabara ya shule, mwanafunzi hufundishwa asitupe mabaki ya jaribio kabla hajaandika alichokiona. Wengi hudhani hilo ni agizo la usafi wa vitabu tu. Mtu aliyenyimwa maelfu ya dola kwa ajili ya andazi la chuma ambalo halikupata kufunguliwa mbele yake anajua thamani ya agizo hilo.