Bolti Iliyokufa Thredi

Mwezi huu naomba mniruhusu nitoke jikoni na kliniki, niwapeleke chini ya gari. Najua wapo watakaofunua ukurasa unaofuata wakisema hayo ni mambo ya akina baba. Nami nilikuwa nikisema hivyo, hadi Jumamosi moja tulipokuwa tukitoka kumjulia hali mgonjwa, wanawake watano ndani ya gari letu dogo, na upande wa nyuma wa kushoto ukaanza kugonga kama mtu anayebisha hodi.

Tulisimama. Nilipoinama na tochi niliona bolti inayoshika ncha ya chini ya shokapu imetoka zaidi ya nusu. Nikaizungusha kwa vidole, ikazunguka bure. Nilipoivuta ilikuja mkononi, imeviringishiwa kipande cha kopo la soda. Miezi miwili kabla ya hapo gereji moja ilikuwa imetubadilishia shokapu. Fundi alikaza mno mpaka thredi zikafa, na badala ya kutuambia, akaweka bati la kopo ili bolti ishike siku ile tu. Mimi ni muuguzi. Nimefungua bandeji nyingi nyeupe zilizofunika kidonda kinachooza, lakini hii ilinikasirisha zaidi, kwa kuwa ndani ya gari lile walikuwamo mama zangu wawili wa kanisani wenye umri wa kuwa bibi.

Tulifunga ncha ya shokapu kwa waya isiburute, abiria wakapanda daladala, nami nikarudi polepole peke yangu.

Bolti inashikaje?

Thredi ni ile mifereji inayozunguka bolti, na mifereji ya aina hiyo hiyo imo ndani ya tundu au nati. Wengi wetu tunadhani bolti hushika kwa sababu ni nene. Jirani yangu, fundi mstaafu, ndiye aliyenieleza. Ukikaza bolti, inavutika kidogo sana kama mpira mgumu, na ule mvuto ndio unaobana vyuma viwili pamoja. Mzigo mkubwa hubebwa na mizunguko michache ya kwanza ya thredi. Ikifa hiyo, iliyobaki hulemewa moja baada ya nyingine. Hapo bolti haibani tena, imening'inia tu, na kila shimo la barabarani linaitingisha mpaka itoke.

Zinakufa kwa njia chache. Ya kwanza ni kuanza kufunga bolti ikiwa imekaa upande, kisha kulazimisha kwa spana. Ya pili ni kukaza kwa bomba refu au mashine ya upepo bila kipimo. Ya tatu ni kutu. Ya nne huwapata wengi bila kujua, nayo ni kuweka bolti isiyo ya pale. Bolti ya unene wa milimita 12 inaweza kuwa na hatua ya milimita 1.25, 1.5 au 1.75 kati ya jino na jino, na kwa macho zote zinafanana. Chukua rula, pima nafasi kumi za meno. Ukipata milimita 12 na nusu, hiyo ni 1.25. Ukipata 15, ni 1.5. (Wale waliokulia karibu na misheni wanakumbuka Land Rover za zamani. Bolti zake nyingi zilikuwa za vipimo vya inchi, ndiyo maana hazikukubali nati za magari ya Kijapani.)

Kabla ya kugusa chochote

Hapa nitawakatisha tamaa kidogo, na nafanya hivyo kwa makusudi. Kama thredi zilizokufa ni za bolti yenye nati yake, hakuna cha kutengeneza. Nunua bolti na nati mpya zenye namba ile ile ya ugumu kichwani, kwa mfano 8.8 au 10.9. Usiweke ya 8.8 mahali pa 10.9, maana ni dhaifu zaidi. Nati yenye plastiki ndani ikishafunguliwa, weka mpya.

Na kama tundu lililokufa ni la boljointi, la usukani, la breki, au la ile shokapu ya mbele iliyoungana na springi na kushika gurudumu lenyewe, usilitengeneze nyumbani. Badilisha kipande chote, au mpelekee fundi wa kuchonga vyuma unayemwamini. Hapo bolti ikitoka, gurudumu linaweza kulala ukiwa njiani.

Letu lilikuwa afadhali. Katika gari letu springi ya nyuma imekaa peke yake, na shokapu kazi yake ni kutuliza mtikisiko, haibebi uzito. Ndiyo sababu jirani alikubali tulifanye uani, mimi na binti yangu wa kidato cha tatu, yeye akiwa juu ya kigoda akitoa amri.

Kazi yenyewe

Gari lilisimama penye saruji iliyo sawa, mawe mbele na nyuma ya magurudumu yasiyoinuliwa. Tuliinua kwa jeki, kisha tukaweka stendi za chuma. Msiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Kwenye zamu zangu nimewapokea waliofanya hivyo, na nyumba nyingine ilirudi bila baba. Jeki ya pili iliegemea ekseli isishuke ghafla. Miwani ya kinga pia ni lazima, kwani unga wa chuma ukiingia jichoni huenda usitoke kwa kuoshwa na maji ya bomba.

Tulisugua tundu kwa brashi ya waya, tukapulizia mafuta ya kulegeza kutu. Kwanza tulijaribu njia nyepesi, kupitisha tepu, yaani kile chuma kigumu chenye meno ya kuchongea thredi. Inapakwa mafuta, inaingizwa ikiwa imenyooka, nusu mzunguko mbele, robo nyuma ili vumbi la chuma likatike. Kama thredi zimepinda au zimeziba tu, hilo linatosha, na bolti mpya itaingia kwa vidole bila kubishana. Kwetu ilitoka nyuzi ya chuma iliyojiviringisha kama waya mwembamba. Jirani akatikisa kichwa. Hizo ndizo zilikuwa thredi zetu.

Ikabidi tutumie koili, springi ndogo ya waya wa chuma kisichoshika kutu ambayo huwa thredi mpya ndani ya tundu. Si kiraka cha kubahatisha. Mafundi wa injini za ndege wametumia koili za namna hii tangu enzi za Vita Kuu ya Pili. Huuzwa kwa seti pamoja na tepu yake maalumu, kwa sababu tundu lazima litobolewe liwe kubwa kidogo kuliko bolti kisha lichongwe thredi za kupokea koili. Tuliagiza seti kutoka Dar es Salaam. Kutoboa ndipo palipomtoa jasho binti yangu. Drili ikiyumba, tundu linapinda na huna nafasi ya pili, basi alishika kwa mikono miwili, mwendo mdogo, mimi nikichungulia kutoka pembeni kama amenyooka. Tukasafisha vumbi lote, tukachonga, tukasafisha tena. Koili ikazungushwa mpaka ikazama robo mzunguko chini ya uso wa chuma, kisha kale kakia kake kakavunjwa na kutolewa.

Bolti mpya iliingia kwa vidole. Hatukuikaza hapo hapo. Ncha ya shokapu ina bushi ya mpira, na ukikaza gurudumu likining'inia, mpira unabaki umejipinda na utapasuka mapema. Tulishusha gari likakaa kwa uzito wake, ndipo tukakaza kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari. Kama huna spana hiyo, azima. Mkono haujui kipimo, hata wa fundi mzoefu, na sisi tulikuwa na ushahidi wa kopo.

Mwisho tulichora mstari wa rangi ya kucha kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye chuma cha pembeni, ili bolti ikisogea ionekane.

Baada ya kilomita mia tuliangalia, mstari haukuwa umekatika. Binti yangu alikuwa bado ameshika tochi, akaenda mbele kutikisa magurudumu kama alivyofundishwa. La kulia lilicheza kwa juu na chini. Ni boljointi. Hiyo hatukuigusa. Kesho yake nilipeleka gari kwa fundi mwingine, nikaomba anirudishie kipande cha zamani mkononi, nikakaa pale mpaka akamaliza.