Malaria kandokando ya ziwa: imepungua nusu, je, itaendelea kupungua?

Mwaka wa 2010, watoto wa kaunti za Kenya zilizo ukanda wa Ziwa Victoria walipopimwa damu katika utafiti wa kitaifa, asilimia 38 walikutwa na vimelea vya malaria. Mwaka wa 2015 ikawa asilimia 27, na 2020 ikashuka hadi 19. Anayependa hesabu atavuta mstari na kutangaza kwamba kaunti kama Homa Bay na Migori zitaagana na malaria karibu 2030.

Mbu hana habari na mstari huo.

Tazama dawa kwanza. Klorokwini ilitegemewa kwa miongo mingi hadi vimelea vikaizoea, na mwaka wa 1998 Kenya ikageukia dawa za salfa. Hizo nazo hazikudumu: 2004 serikali ikachagua AL, mseto wenye artemisinini ambao ungali unatolewa zahanati hadi leo. Sasa vimelea vinavyochelewa kufa kwa artemisinini vimethibitishwa Rwanda, Uganda na Tanzania. Ukisimama Isebania, mji wa mpakani huko Migori, Tanzania iko ng'ambo ya barabara.

Kwa mbu ni yale yale. Wengi wamekuwa sugu kwa dawa inayotiwa kwenye neti, ndiyo maana Migori mwaka wa 2017, kisha Homa Bay 2018, kuta za nyumba zilipulizwa dawa ya aina nyingine. Wagonjwa walipungua. Lakini dawa ya ukutani huisha nguvu baada ya miezi kadhaa, na lazima wapulizaji warudi. Neti nazo huchakaa, na ufuoni Mbita si ajabu kuona neti imetandazwa chini, omena zikianikwa juu yake. Ni rahisi kumlaumu mvuvi, ila naye ana riziki ya kutafuta.

Tumaini jipya ni chanjo ya RTS,S. Utafiti wake ulianza 1987. Kenya iliizindua Ndhiwa, Homa Bay, Septemba 13, 2019. Mbu akiuma, vimelea hukimbilia ini kabla ya saa moja kwisha, na huko huzaana kwa siku kadhaa bila mtu kuhisi lolote. Chanjo huufundisha mwili kutambua protini iliyovifunika vikiwa bado njiani. Haizuii kila kimelea, lakini katika maeneo ya majaribio ya Kenya, Ghana na Malawi vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa asilimia 13. Kasoro iko kwenye dozi ya nne, ambayo mwanzoni ilipangiwa miezi 24, umri ambao mama hana tena sababu nyingi za kumpeleka mtoto kliniki.

Basi kila hatua ilinunuliwa, na sehemu kubwa ya gharama, upulizaji ukiwemo, ililipwa na Marekani, ambayo mwaka wa 2025 ilivunja shirika lake la misaada, USAID. Bajeti ya neti na dawa ya ukutani sasa ni swali la kumuuliza mwakilishi wa wadi yako, kabla hajaanza kuomba kura za 2027.